Pembe Katika Dakika Kumi za Kimya

Kimya nilikianzisha kwa uvivu, na ni afadhali niseme hivyo mapema kabla mtu hajanipa sifa zisizo zangu. Mwaka ule mwalimu mkuu alinipa somo la Sanaa na Michezo la darasa la tano kwa sababu walimu wengine wote walikuwa wamelikwepa. Mmoja alisema ana mgongo. Mwingine alisema kanisa lake haliruhusu ngoma. Wa tatu hakusema chochote, ila siku ya kugawa vipindi hakuonekana. Mimi nilifika kwa wakati, na sikuwa nimeandaa udhuru.

Sikuwa mtu wa muziki, na wala si sasa. Nilizaliwa Issenye, katika nyumba ambayo kelele zilikuwa za ng'ombe tu wakitoka asubuhi na wakirudi jioni. Kazi yangu ya kwanza ya ualimu ilikuwa Genkuru, jirani na mgodi wa dhahabu, na huko kwa miaka sita nilifundisha kwa kupaza sauti. Malori, mashine, pikipiki, halafu mchana baruti ikilipuka na madirisha yakitetemeka. Wanafunzi wangu wa huko waliongea kwa sauti ya juu hata wakiomba ruhusa ya kwenda chooni, na mimi pia, hata likizo nikirudi kwetu mama alikuwa akiniuliza ninamgombeza nani. Nilipohamishiwa shule hii ya upande wa bwawa la Manchira, kitu cha kwanza nilichokipenda ni kwamba niliweza kusikia chaki ikiandika ubaoni.

Kwa hiyo fikiria watoto sabini na wawili, chumba kimoja cha bati, na maelekezo ya mtaala kwamba kila mmoja alete kitu kinachotoa sauti. Walileta madebe. Walileta vizibo vya soda vilivyotobolewa na kuingizwa kwenye waya, njuga za kufunga miguuni, chupa zenye maji, na filimbi za vikonyo vya majani ya mpapai. Mmoja aliahidi kuleta litungu la babu yake, lile zeze kubwa la Wakurya lenye nyuzi nane, lakini babu alimfukuza kwa fimbo. Walipoanza kupiga, mbuzi waliokuwa wakila nyasi uwanjani waliondoka.

Kipindi kile cha kwanza kilipofika mwisho kichwa kilikuwa kinanigonga. Zilibaki dakika kumi kabla ya kengele. Nikasema, "Wekeni vyombo chini. Lazeni vichwa kwenye madawati. Atakayetoa sauti atafagia choo wiki nzima."

Wakalaza. Nikaweka simu mezani nione muda. Kwa mbali ilisikika bodaboda ikipanda kilima kuelekea Mugumu, halafu ikapotea, na darasani hapakubaki kitu ila pumzi. Dakika kumi zilipotimia sikuwainua. Niliwaongeza mbili, kwa faida yangu.

Wiki iliyofuata, kabla sijasema neno, mtoto wa mbele aliuliza, "Madamu, leo tunalala?"

"Hamlali. Mnanyamaza."

"Basi tunanyamaza?"

Nikaona wote wanasubiri jibu. Sikuwahi kusubiriwa hivyo kwa somo la hisabati.

Ikawa desturi. Dakika thelathini za kupiga na kuimba, kumi za kunyamaza. Mwalimu mkuu alipita dirishani akaona vichwa sabini na viwili vimeinama, akadhani nimetoa adhabu, akapita kimyakimya kwa heshima. Nilipomweleza, alifurahi kupita kiasi na akaandika kwenye kitabu chake kwamba shule ina kipindi cha tafakuri. Sikumsahihisha.

Sitasema kwamba muziki uliponya mtu. Nasema tu nilichokiona. Kulikuwa na mvulana aliyeumwa tumbo kila siku ya jaribio. Siku za muziki tumbo lilitulia, na baadaye likatulia hata siku nyingine. Kulikuwa na wawili waliopigana kila siku kwa ugomvi wa koo zao ambao hata hawakuujua vizuri. Niliwapa debe moja, mmoja apige upande huu na mwingine upande ule. Debe halipigiki na watu wawili wanaonuniana, kwa hiyo walisikilizana hadi wimbo uishe. Waliendelea kupigana, lakini Jumamosi, nje ya shule, na hilo halikuwa somo langu.

Aliyenisumbua akili alikuwa msichana mmoja wa safu ya tatu, karibu na mlango. Bibi yake alimleta Januari, shule zilipofunguliwa. Bibi alikuwa mwanamke mrefu, mgongo umenyooka, mwenye kuongea na mwalimu kama anayenunua mbuzi.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuletea huyu. Ni mtoto wa kijana wangu, katoka kule Tarime. Anasikia, anaandika, kazi anafanya. Ila hasemi."

"Tangu lini?"

"Tangu baba yake." Alimtuma mtoto akachote maji bombani, ndipo akaendelea. "Wezi waliingia mchana, watu wako shambani. Ng'ombe kumi na moja. Baba yake akafuata nyayo peke yake. Watu hawakusikia kitu. Walikuja kujua jioni, na nyayo zimeshapoa. Siku ya tatu ndio wakamleta kwenye machela, amefunikwa gubigubi."

Nilimpa pole. Aliipokea kwa kuinamisha kichwa, kisha akataja masharti yake.

"Nampa mpaka shule zifungwe mwezi wa kumi na mbili. Kama atakuwa bado hivi, nampeleka Sirari kwa shangazi yake. Ana duka. Pale mpakani mteja anaonyesha kwa kidole anachotaka, unampa. Shule gani hiyo ya mtu ambaye hasemi?"

Nilikasirika.  Nilishaona watoto wanaokwenda "kumsaidia shangazi" na hakuna aliyerudi kumaliza darasa la saba.

Mwanzoni nilijaribu njia nilizofundishwa. Nilimwinua asome kwa sauti. Alisimama, kitabu mkononi, midomo imefungwa. Siku moja nilisema hatakaa mpaka asome hata mstari mmoja, na akasimama kipindi kizima, kisha kipindi cha mwalimu aliyefuata, mpaka huyo mwalimu akamhurumia. Naona aibu kuliandika hili. Wakati ule nilijiita mwalimu mwenye msimamo.

Katika dakika za kimya yeye hakulaza kichwa. Alikaa wima akitazama mlango. Nikimwambia alaze, alilaza, nikigeuka, aliinua. Mwishowe nikamwacha. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, na yeye, angalau, hakuwa anapiga kelele.

Mwezi wa saba alileta pembe.

Aliitoa kwenye kipande cha kitenge. Ilikuwa pembe ya ng'ombe, ndefu, nyeusi kwa moshi, na ubavuni karibu na ncha ina tundu la kupulizia. Namshukuru Mungu haikuwa ya mnyama wa porini. Hiyo ingeleta askari wa hifadhi na kesi nyingine kabisa. Nikamuuliza ni ya nani. Akaandika kwenye daftari: ya baba. Nikamuuliza kama anajua kuipuliza. Akatikisa kichwa kukataa. Akaipeleka mdomoni, akapuliza, na ikatoka hewa tupu, fuuu, kama mtu anayepoza uji.

Hapa ndipo nilipokosea, na siwezi kusingizia ugeni. Mimi ni mtoto wa huku. Huku kwetu pembe si chombo cha muziki. Ng'ombe wakiibwa, pembe hupulizwa kwa milio mifupi mifupi mfululizo, na kila mwanamume anayeisikia huacha alichoshika na kukimbia kuielekea. Haulizi kwanza. Siku hizi watu wana simu, lakini simu huishiwa chaji na kukosa mtandao, na ukipiga unampata mmoja tu. Waliokusanyika hawaruhusiwi kurudi makwao mpaka kiongozi wao apulize mlio mmoja mrefu wa kuwaachilia. Na aliyepuliza bila wizi husimama mbele ya mkutano, aeleze sababu kwa mdomo wake mwenyewe, bila mtu kumsemea. Sababu isipowaingia watu, siku nyingine nyumba yake ikiita, hakuna anayelazimika kuitika.

Yote haya niliyajua tangu nikiwa na meno ya utoto. Lakini ile pembe haikulia. Kati ya vyombo vyote sabini na viwili vilivyokuwa vinanipasua kichwa, ndicho pekee kilichotoa hewa. Nikairuhusu kwa sababu hiyo. Nikafikiri, hata akipuliza mwaka mzima, atapoza uji.

Watoto walikuwa wametunga wimbo wao kuhusu kuchota maji bwawani: ndoo inayovuja, ng'ombe wanaokunywa kabla yako, mama anayeuliza mbona umechelewa. Mwishoni mwa kila ubeti msichana alipuliza ile hewa yake. Wiki za kwanza haikusikika kabisa. Kisha, bila mimi kuwaelekeza, wenzake wakaanza kumwachia nafasi. Madebe yalinyamaza, visoda vikanyamaza, ikasikika fuuu, ndipo ubeti mwingine ukaanza. Siku alipougua na kukosa shule, walifika mwisho wa ubeti, wakanyamaza kumsubiri kwa mazoea, wakageuka wote kutazama dawati lake. Wimbo ukawaharibikia pale pale.

Katika kimya, mwezi wa tisa, alianza kulaza kichwa. Kwanza shavu moja, macho wazi kuelekea mlangoni. Jumatano moja nikainua macho kutoka kwenye madaftari nikamwona amelala usingizi kabisa, mate yamelowesha jalada la daftari, pembe mapajani. Kengele ilipigwa. Nikawaonyesha watoto kwa kidole kwamba watoke polepole, na watoto sabini na mmoja wa darasa la tano, ambao hata kanisani hawawezi kutoka polepole, walitoka kwa ncha za vidole. Nilifurahi siku ile. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha isiyo na sababu ya kueleweka, maana mtoto alikuwa amelala darasani tu.

Lakini hakusema. Mwezi wa kumi na moja bibi alikuja kuuliza taratibu za uhamisho. Nikamwambia asubiri, anaanza kubadilika. Akaniuliza, "Amesema?" Nikasema hapana. "Basi hajabadilika," akasema, na akanipa tarehe ambayo shangazi angepita kumchukua. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza yote. Watu walizoea kuongea mbele yake kama vile asiyesema hasikii.

Siku mbili baadaye tulikuwa na muziki. Wimbo uliisha vizuri. Vichwa vikalala. Nikaweka simu mezani, nikachukua kalamu nyekundu. Ilikuwa saa sita na nusu hivi, hakuna upepo.

Kama dakika ya sita, pembe ililia.

Niliusikia mlio kwenye meno kabla ya masikio. Mfupi, mfupi, mfupi, mfupi. Msichana alikuwa amesimama kando ya dawati lake, mashavu yamejaa, macho yamefumbwa, akipuliza kama mtu aliyefanya kazi ile miaka yote. Watoto waliinua vichwa lakini hakuna aliyepiga kelele. Alivuta pumzi akarudia tangu mwanzo. Nami, mwalimu mwenye msimamo, nilikuwa kama nimemwagiwa maji. Nilipofika kwake na kuishika pembe alikuwa ameshamaliza.

Kilimani upande wa pili, pembe nyingine ikajibu. Kisha yowe la wanawake. Kisha pembe ya tatu, mbali zaidi.

Hawakuchukua robo saa. Walitoka mashambani, walitoka kwenye vibanda vya barabarani, walikuja kwa miguu na kwa bodaboda watatu watatu. Mikuki, pinde, mapanga. Fundi mwashi alikuja na mwiko wake wa kupigia plasta. Mwanamume mmoja alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa, na kitambaa cha kinyozi bado kimefungwa shingoni. Wote walikuwa wanahema, na wote waliuliza swali moja.

"Zimeelekea wapi?"

"Mwalimu, ng'ombe za nani?"

"Hakuna ng'ombe," nikasema.

"Hakuna ng'ombe namna gani, na pembe tumesikia?"

Mwalimu mkuu alitoka ofisini akiwa amefunga vifungo vyote vya koti. Akawaeleza kwamba pembe ni zana ya kufundishia. Walimtazama. Akarudi hatua mbili nyuma, na sikumsikia tena siku ile.

Walikaa chini uwanjani, kwenye majani ya golini, mikuki imelazwa pembeni. Aliyewaongoza alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la mvua, mkuu wa ulinzi wa kijiji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akanyoosha mkono. Nikampa pembe. Akaigeuza, akapapasa lile tundu kwa kidole gumba.

"Nani amepuliza?"

"Mimi," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema vile. Au najua. Mtu asiyesema alikuwa anatakiwa kusema mbele ya wanaume zaidi ya mia, na bibi yake alikuwa na nyumba ambayo siku moja ingehitaji kuitikiwa.

Mzee akanirudishia pembe. "Puliza tusikie."

Nikapuliza. Ikatoka hewa. Nikapuliza tena kwa nguvu, mishipa ya shingo imenisimama, fuuu. Mtu mmoja nyuma alicheka, wakacheka na wengine, na hata yule wa nusu nywele alicheka, jambo ambalo niliona si haki. Uso wangu ulikuwa unawaka.

Bibi alifika wakati huo, kanga imelegea, jasho linamtoka. Aliiona pembe akaelewa mara moja, maana alikuwa ameitafuta nyumbani miezi kadhaa. Akasema kwa sauti kubwa, "Huyo hasemi. Mnajua wote hasemi. Niulizeni mimi, mimi ndiye mzazi."

"Wewe hukupuliza," mzee akasema, bila ukali.

Msichana alitoka darasani. Hakuna aliyemwita. Wenzake walikuwa wamejazana madirishani, na mlangoni walimpisha. Alivuka uwanja, akasimama mbele ya mzee, mikono nyuma, kama wanavyosimama mstarini asubuhi. Nilitamani kumfunika na kitu. Bibi alianza kusema neno akaliacha katikati.

Mzee alimuuliza kwa Kikurya, polepole, "Umetuita kwa nini?"

 Watu walianza kujisogeza. Mimi nilikuwa natazama midomo yake, ile ile niliyoitazama kipindi kizima nikiwa na fimbo ya kuonyeshea ubaoni mkononi, na nilikuwa na hakika haitafunguka. Wale wanaume walikuwa hawajazoea kusubiri mtoto. Lakini darasa la tano lilikuwa limezoea. Madirishani hapakuwa na mnong'ono hata mmoja. Walikuwa wamemwachia nafasi.

"Nilitaka kuona kama watu wanakuja," akasema.

Sauti ilikuwa nene kuliko nilivyotarajia, na imekauka.

Mzee alichuchumaa. "Nani alikufundisha mlio huu?"

"Tata." Ndivyo Wakurya wanavyomwita baba. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza, "Siku ile ya wezi aliniachia pembe nipulize. Haikulia."

Bibi alikaa chini pale alipokuwa. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akimwambia kila mtu kwamba watu hawakusikia kitu, na hakuwahi kujiuliza kama kulikuwa na kitu cha kusikia. Wala mimi. Nilikuwa nimemtazama mtoto akipuliza hewa tangu mwezi wa saba na nikashukuru kwamba hewa haipigi kelele.

 Nimekaa kwenye mikutano mingi huku, na sijawahi kuona mkutano ambao watu wengi vile walinyamaza kwa muda ule. Mwashi alikuwa anakwangua udongo mkavu kwenye mwiko wake. Yule wa nusu nywele alifungua kitambaa cha kinyozi shingoni, akakikunja, akafuta uso nacho.

"Tumekuja?" mzee akamuuliza.

Mtoto aligeuka akawatazama. Alianza upande mmoja akamaliza upande wa pili, bila haraka.

"Mmekuja."

Mzee akasimama, akawauliza watu kama wamesikia sababu. Wakasema wameisikia. Akauliza kama inatosha. Wakasema inatosha. Akachukua pembe mkononi mwangu akampa yeye, akamwambia watu hawa hawawezi kwenda mpaka aliyewaita awaachilie. Hilo lilikuwa geni. Kazi ile ilikuwa ya mzee mwenyewe. Msichana akatikisa kichwa. Akasema baba yake hakuwahi kumfundisha mlio wa kuachilia, alimfundisha wa kuita tu.

Mzee akamfundisha pale pale. Alimwonyesha kwa midomo yake jinsi ya kulegeza mashavu na kuacha pumzi iende yenyewe. Mara ya kwanza ilitoka hewa, na hakuna aliyecheka. Mara ya tatu ikalia, mlio mmoja, mrefu, usio na haraka, ukaenda mpaka ng'ambo ya bwawa. Wanaume wakainuka, wakaokota mikuki yao, wakaanza kuondoka. Wa nusu nywele alipanda bodaboda kurudi kwa kinyozi.

Bibi alikuwa bado amekaa. Nilimsaidia kuinuka. Nikamuuliza kuhusu ile tarehe ya shangazi.

"Sirari akafanye nini?" akaniuliza kwa hasira, kama vile wazo lilikuwa langu.

Uwanja ulikuwa umebaki mtupu. Msichana aliifunga pembe kwenye kile kitenge, akaniletea niitunze, na akanitazama usoni.

"Madamu," akasema, kwa Kiswahili, "zilibaki dakika ngapi?"

Nikamwambia nne.

Turudi, akasema. Tukarudi darasani. Wakalaza vichwa wote, na yeye pia, uso umeelekea ukutani badala ya mlangoni. Nikaweka simu mezani. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nikianzishe kile kimya, nilisukuma madaftari pembeni nikalaza kichwa changu juu ya mikono, nikalia mpaka kengele.